Acheni Kutafuta Mganga wa Data

Leo nina hasira kidogo na nitaandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Kila baada ya wiki chache kuna rafiki hunitumia tangazo la kazi akiniuliza, "Unamjua mtu anayefaa hapa?" Kampuni hubadilika lakini tangazo ni lile lile. Anatafutwa mwanasayansi wa data. Awe na shahada ya pili, na akiwa na ya tatu itakuwa heri zaidi. Awe anajua Python, R, SQL, Spark, Hadoop, Tableau na Power BI. Awe na uzoefu wa miaka 5 katika akili bandia. Awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo, maana yake Jumamosi utakuja. Mshahara haujatajwa. Nafasi: moja.

Moja! Yaani mtu huyo mmoja ndiye "timu ya data" ambayo mkurugenzi ameiahidi bodi. Ukiingia ndani ya kampuni yenyewe utakuta madeni ya wateja yamo kwenye faili ya Excel iitwayo "MADENI MPYA FINAL 2 TUMIA HII". Ukiuliza wana wateja wangapi, watu wa mauzo watakupa jibu lao, wahasibu watakupa lao, na mkurugenzi atakupa la tatu ambalo alilitaja kwenye hotuba mwaka juzi na likamkaa kichwani. Sasa huyo mtu wa Spark na Hadoop akija atafanya nini? Ataifungua ile faili ya Excel, atashika kichwa, kisha jioni ataanza kutafuta kazi kwingine.

Hawa watu hawatafuti mfanyakazi, wanatafuta mganga. Wanataka mtu aje na mkoba wake, atikise vitu vyake, aseme ugonjwa uko wapi, na mwenye nyumba asiulizwe swali lolote la kumtia aibu.

Najua lilikoanzia. Oktoba 2012 jarida la Harvard Business Review lilichapisha makala ya Thomas Davenport na DJ Patil iliyosema kazi ya mwanasayansi wa data ndiyo yenye mvuto kuliko zote katika karne ya 21. Basi. Kila aliyekuwa na digrii ya takwimu akabadilisha wasifu wake, na kila meneja akamtaka mmoja ofisini kama vile zamani kila ofisi ilivyotaka mashine ya faksi. Miaka miwili kabla ya hapo, 2010, Drew Conway alikuwa amechora miduara mitatu inayopishana. Mmoja ni ustadi wa kuprogramu, wa pili ni hisabati na takwimu, wa tatu ni kuijua fani yenyewe inayochunguzwa. Sayansi ya data, alisema, iko pale katikati ambapo yote mitatu inakutana. Mchoro mzuri sana. Waajiri wetu waliuchukua, wakaufuta mduara wa tatu, wakabaki na miwili. Yasomeni tena matangazo yenu. Mnauza mbolea, lakini hakuna mstari hata mmoja unaouliza kama mwombaji amewahi kuongea na mkulima.

Mimi nasema hivi: mnapojenga timu ya data kazini, mtu wa kwanza kumtafuta ni yule anayejua namna nambari zenu zinavyozaliwa. Nani anaziandika, saa ngapi, akiwa amechoka kiasi gani, na anafanya nini fomu inapomkatalia. Modeli baadaye. Baadaye sana.

Niwape kisa. Kampuni sitaitaja, na msinisumbue niitaje. Ilikuwa ikinunua maziwa kwa wafugaji wadogo na kuwakopesha chakula cha ng'ombe, deni likikatwa kwenye malipo ya mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa naandika programu ya simu ya kupokelea maziwa vituoni. Kwenye ghorofa ya juu waliajiri mtaalamu, kijana mwerevu kwa kweli na simchukii, akatengeneza modeli ya kubashiri mfugaji yupi yuko karibu kuihama kampuni na kuuza maziwa yake kwingine. Modeli ikatoa orodha ya watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wa eneo moja, ambao maziwa yao yalikuwa "yameshuka hadi sifuri". Wakubwa wakaitazama wakasema, hawa watatoroka na deni letu, wafungiwe mkopo. Wakafungiwa. Hiyo ilikuwa Februari, jua kali, nyasi zimekauka, wakati ambao mfugaji anategemea gunia la chakula cha dukani kuliko wakati mwingine wowote.

Wafugaji hao hawakuwa wametoroka popote. Kampuni yenyewe ilikuwa imeanza kulipa watu kwa M-Pesa, na katika nyumba nyingi za eneo lile malipo yaliyokuwa yakienda kwa jina na nambari ya baba yakahamishiwa nambari ya mama, kwa kuwa ndiye anayekamua na ndiye anayefika kituoni alfajiri. Mfumo uliichukulia nambari ya simu kuwa ndiyo mtu. Nambari mpya, mtu mpya. Mzee "akapotea", mkewe "akajiunga". Ng'ombe ni yule yule na mtungi ni ule ule.

Kuna aliyejua? Alikuwapo. Karani wa kituo, mama mmoja aliyefanya kazi pale tangu enzi za daftari na kalamu. Sisi vijana tulimwita Mama tu. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameandika barua pepe makao makuu akieleza kwamba wafugaji wengi wamebadilisha nambari, na akaomba aonyeshwe namna ya kuunganisha akaunti. Alijibiwa na mashine kwamba ombi lake limepokelewa. Alipopiga simu akaambiwa azungumze na meneja wake wa eneo. Hana digrii, hajui Python, na kwenye ile ghorofa ya juu hakuna aliyewahi kukanyaga kituoni kwake. Ilichukua zaidi ya mwezi mikopo ile kufunguliwa, na kufikia hapo kuna waliokuwa wameshauza ng'ombe. Kwenye ripoti ya robo mwaka wakaandikwa kama wafugaji waliohama. Modeli ikahesabiwa kuwa ilibashiri vizuri.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Modeli ilisababisha kitu, kisha ikapewa sifa kwa kukiona mapema.

Hesabu za yule kijana zilikuwa safi, nimeziona kwa macho yangu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia nambari ya simu maana yake ni nini katika nyumba ya mfugaji. Mtu huyo alikuwa tayari kwenye orodha ya mishahara, analipwa labda sehemu moja ya kumi ya alicholipwa yeye, na hakuna aliyemhesabu kuwa sehemu ya timu ya data.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na data za Kenya zina kunguni zake ambazo hazimo katika kozi yoyote ya mtandaoni. Chukua hiyo hiyo nambari ya simu. Mmoja ataiandika ikianza na 07, mwingine 254, mwingine +254, na Excel ikiachwa ijiamulie itadhani ni namba ya kuhesabia na kula ile sifuri ya mbele. Hapo mtu mmoja ameshakuwa watu wanne. Kisha mwaka wa 2019 zikaanza kutolewa nambari zinazoanza na 01, na programu zilizokuwa zimefundishwa kwamba simu ya Kenya ni lazima ianze na 07 zikawa zinawafukuza wateja mlangoni. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine. Laini moja hutumiwa na watu watatu wa nyumba moja. Mtu mmoja ana laini tatu.

Au saa. Jamani, saa! Karani anapokea maziwa saa kumi na mbili asubuhi, fomu inamwuliza saa, anaandika 12:00. Kwake yuko sahihi kabisa. Kwenye ripoti ya Nairobi inaonekana wafugaji wanaleta maziwa saa sita mchana, na meneja mmoja (huyu nilimsikia mwenyewe) akaanza kupanga malori upya. Tena seva nyingi huhesabu saa kwa wakati wa dunia, UTC, nasi tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo chochote kinachouzwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku huingia kwenye siku iliyotangulia, na ikiwa ni tarehe 1 kinaingia mwezi uliopita. Kwa mwenye baa hilo ni bahati, usiku wake wote unakaa siku moja. Kwa kituo cha petroli kilicho wazi usiku kucha ni vita na mhasibu kila mwisho wa mwezi.

Nimewahi pia kuona ripoti ya kaunti 46. Aliyeiandika alikuwa ameunganisha maneno kiholela kutengeneza swali la SQL, na ile alama ya ng'ong'o ya Murang'a ikamvunjia msimbo. Badala ya kuuliza kulikoni, programu ikaruka na kuendelea. Ripoti ilipita mikono kadhaa bila mtu kuhesabu mistari. Mkenya yeyote aliyefika darasa la sita anajua kaunti ni 47! (Kina Ng'ang'a na kina Nyong'o mnanielewa.)

Hapo ndipo ninapofika kwenye ujuzi wa pili ninaoutaka, na huu utawachekesha: hesabu ya shule ya msingi, lakini iliyokaa damuni. Kujumlisha, kugawanya, na kujua unagawanya kwa nini.

Mnaikumbuka Machi 2013? Nchi nzima ilikuwa inatazama skrini ya Bomas of Kenya, na kura zilizokataliwa zilikuwa zinapanda tu, zikapita 300,000. Watu wakaanza kutoa nadharia redioni kuhusu kwa nini Wakenya wameshindwa kupiga kura vizuri. Baadaye tume ya IEBC ikaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu kwenye mfumo iliyokuwa inazizidisha kura hizo mara 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Kukamata kosa kama hilo hakuhitaji msomi wa akili bandia. Kunahitaji mtu anayechukua kituo kimoja, anaangalia fomu, anaangalia skrini, anasema "ngojeni kidogo".

Na uchaguzi huo huo ulitupa somo la kugawanya ambalo ningelitumia kwenye kila usaili. Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa kura 6,173,433. Ukizigawanya kwa kura zote zilizopigwa, 12,330,028, unapata asilimia 50.07. Ukiziondoa kwanza zilizokataliwa, unapata asilimia 50.51. Kura ni zile zile. Swali la kama zilizokataliwa ni kura "zilizopigwa" kwa maana ya Katiba lilifika hadi Mahakama ya Juu, nayo ikaamua zisihesabiwe. Sasa wewe meneja unayeambiwa kwamba asilimia 80 ya wateja wanarudi dukani, je, umeuliza asilimia 80 ya nani? Ya wote waliowahi kununua? Ya wenye kadi? Ya waliojibu simu? Kipindupindu cha ripoti za ofisini kinaanzia hapo, kwenye namba ya chini ya mstari, na hakuna programu itakayokuambia umegawanya kwa namba isiyofaa. Itakupa jibu na desimali zake mbili, safi kabisa.

Nimepewa nafasi ya kuhoji waombaji mara kadhaa, na sasa nina mtindo mmoja. Siwaulizi algoriti yoyote. Nawapa jedwali chafu, mistari kama 400 ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, nililoliandaa mwenyewe na kulitia takataka za kila aina. Swali ni moja: duka hili lina wateja wangapi? Una saa moja, tumia chombo chochote unachotaka, hata kalamu.

Wengi huruka moja kwa moja kwenye tarakilishi. Wanafuta majina yaliyojirudia, wanatoa namba, wanaegemea kiti. Kuna mmoja mwenye vyeti tisa vya kozi za mtandaoni aliyenijengea modeli ya kuwagawa wateja kwenye makundi matano yenye rangi nzuri. Ndani ya kundi la "wateja wa thamani ya juu" alikuwamo mwenye duka mwenyewe, ambaye alikuwa akijiuzia saruji ya kujengea nyumba yake, na mstari wenye neno JUMLA.

Kisha akaja dada mmoja ambaye alikuwa akifanya kazi ya keshia huku anasoma diploma jioni. Dakika kumi za kwanza hakugusa kitu, alikuwa anasoma tu. Halafu akaniuliza: "Mteja kwenu ni nani? Huyu aliyenunua misumari mara moja mwaka wa 2019 bado ni mteja?" Nikamwambia jibu silo langu, ataamua yeye na kunieleza sababu. Akaendelea kusoma. Baadaye akasema, "Hili duka linafunguliwa saa ngapi? Hapa mauzo yanaanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa tisa alasiri kila siku. Naona kama kila kitu kimesogea nyuma saa tatu." Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu UTC. Hakujua hata neno lenyewe. Alijua duka.

Python tulimfundisha. Haikumaliza hata miezi minne akawa anaandika mambo yake mwenyewe. Lile jicho lake sijui ningelifundishaje.

Kuhusu vyombo vyenyewe sitakaa sana. Kama kuna kimoja cha kusisitiza ni SQL. Edgar Codd alitoa msingi wake kwenye makala ya mwaka wa 1970, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM wakaitoa lugha yenyewe mwaka wa 1974, na imenizidi umri karibu mara mbili lakini bado ndiyo inayolisha nyumba nyingi za wanaojiita wanasayansi wa data. Mtu anayeijua vizuri atakufaa kazi nyingi za kila siku. Mengine yakihitajika atajifunza. Orodha ya vyombo saba kwenye tangazo hainiambii mnachofanya, inaniambia tu kwamba mlinakili tangazo la mtu mwingine.

Kuna ujuzi mwingine ambao hauandikwi kwenye matangazo kwa sababu, nadhani, waajiri hawautaki: uwezo wa kumwambia bosi hapana kwa lugha anayoielewa. Mkurugenzi anataka grafu inayoonyesha tawi jipya linafanya vizuri. Data zinasema miezi miwili haitoshi kusema lolote. Mwenye vyeti tisa atachora grafu. Atafupisha mhimili wa pembeni mpaka kijilima kiwe Mlima Kenya. Unayemtaka ni yule atakayeandika mistari minne ya Kiswahili au Kiingereza cha kawaida: tunajua hiki, hatujui kile, ili tujue tungoje mpaka Septemba. Kwa hiyo kwenye usaili mwambieni mtu aandike. Ukurasa mmoja, kwa mtu wa stoo, bila neno la kitaalamu. Nimeona wenye shahada tatu wakitoka jasho hapo.

Sambamba na hilo ni kukubali kazi yako ikaguliwe. Mwaka wa 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wakubwa kabisa, walichapisha utafiti kwamba nchi ambazo deni lao limepita asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaubeba huku wakikata bajeti. Mwaka wa 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alipewa lahajedwali yao akaifungua. Fomula ya wastani ilikuwa imeacha nje nchi 5. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, waliporekebisha hilo na mambo mengine ya uchaguzi na uzito wa data, wastani ukawa asilimia 2.2. Mwanafunzi! Sisi waandishi wa programu tuna desturi ya msimbo wako kusomwa na mwenzako kabla haujaingia kazini. Lahajedwali inayoamua nani atapata mkopo huandikwa na mtu mmoja usiku na kesho yake imeshaamua. Ajirini watu wawili wanaoweza kusomana kabla ya kumwajiri mmoja wa kuabudiwa.

Na sheria? Sheria ya Kulinda Data ilianza kutumika hapa kwetu tarehe 25 Novemba 2019. Data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukiwa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za wananchi. Kama serikali inaweza kusimamishwa, wewe mwenye SACCO unayebeba nakala ya vitambulisho vya wanachama kwenye flashi disk unangoja nini? Simtaki wakili kwenye timu. Namtaka mtu ambaye akiombwa "nitumie orodha yote ya wateja kwa WhatsApp" anauliza ya nini.

Sasa najua wenzangu wa hisabati mnakuja na marungu. Mtasema ninadharau taaluma. Mtanikumbusha kwamba Conway mwenyewe, kwenye mchoro wake, mahali penye kuprogramu na kuijua fani bila hisabati alipaita eneo la hatari. Ni kweli, na ninakubaliana naye. Karani mwenye jicho zuri akiachiwa peke yake ataona uhusiano pasipo na uhusiano kama binadamu yeyote. Kampuni inayokopesha watu maelfu kila siku inahitaji mtu aliyesomea takwimu barabara, anayejua sampuli yenye upendeleo inavyodanganya, anayejua kwamba ukiwakopesha tu wale unaowaamini hutajua kamwe wale wengine wangelipa au la. Kazi hiyo siwezi kuifanya mimi na digrii yangu ya tarakilishi, na mwenye cheti cha wiki sita haiwezi vilevile.

Lakini hebu tutazame eneo la hatari letu sisi liko upande gani. Hata wenye hela zote wameanguka upande wa pili. Zillow ya Marekani ilikuwa na data za nyumba, ilikuwa na wanahisabati, na programu yake ya kukadiria bei ndiyo ilisaidia kuamua nyumba zipi inunue na kwa bei gani. Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi wake, ikisema kubashiri bei za nyumba kumeyumba kuliko ilivyotarajia. Hao ndio wenye wataalamu kwa mamia. Wewe una faili ya MADENI MPYA FINAL 2.

Na safari hii akili bandia imelizidisha jambo. Leo msimbo wa kusafisha jedwali utaandikiwa na mashine kwa dakika moja, na mimi nautumia msaada huo kila siku bila aibu. Kwa hiyo kile kilichokuwa kinawatenga wenye vyeti na wasio navyo, yaani kujua kuandika amri zenyewe, thamani yake inashuka. Mashine haijui kwamba mzee na mkewe ni mtungi mmoja wa maziwa. Hakuna mahali ilipoandikwa isome. Imo kichwani mwa karani ambaye mkataba wake unaisha Desemba, na ninasikia kampuni kadhaa zinawapunguza makarani ili zipate bajeti ya kuajiri wanasayansi wa data. Nikisikia hivyo damu inanichemka.

Mkiwa na nafasi tatu, basi, mimi ningezipanga hivi. Ya kwanza mpeni mtu wa ndani, karani au keshia au msimamizi wa stoo anayejulikana kwa kusumbua watu kuhusu makosa ya vitabu, na mpandisheni cheo na mshahara kwa dhati, si kumwita "balozi wa data" na kumwacha pale pale. Ya pili, mwandishi wa programu anayeipenda SQL na asiyechoshwa na kazi ya bomba na mifereji, kwa sababu mwaka wa kwanza wote ni bomba na mifereji. Hao wawili wakishaweza kukaa na mauzo na uhasibu wakatoka na idadi moja ya wateja, mtafuteni mtakwimu, na mumpe uwezo wa kusema hapana. Mkiwa na nafasi moja tu, mchukueni wa kwanza na mumlipie masomo.

Tangazo likishaandikwa, tajeni mshahara.